Vioo vidogo vinavyoelekeza mawimbi ya terahezi

MAWIMBI ya terahezi yako kati ya mikrowevu na miale ya infraredi. Masafa yake ni terahezi 0.1 hadi 10, na terahezi moja ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde. Yanaweza kubeba data nyingi mno, na hupenya nguo, karatasi na plastiki. Tofauti na eksirei, hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwa atomi.

Hata hivyo, mvuke wa maji ulio hewani huyafyonza, hivyo hayafiki mbali. Ili yafae, sharti yakusanywe yawe mwale mwembamba. Hapo huzuka tatizo jingine: mpokeaji akisogea kidogo tu, mawasiliano hukatika. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta njia ya kuugeuza mwale bila kuzungusha mtambo mzima.

Njia mojawapo ni vioo vidogo vya metali. Kioo kikiinamishwa digrii 10, mwale unaoakisiwa hugeuka digrii 20. Kupanga vioo vingi juu ya kipande kimoja cha silikoni si jambo geni. Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, alivumbua kifaa cha aina hiyo mwaka 1987, na baadaye kikatumika katika projekta.

Lakini vioo vya projekta, vyenye upana wa milimita 0.016 hivi, ni vidogo mno kwa kazi hii. Wimbi la terahezi 0.3 lina urefu wa milimita moja, na kioo kilicho kidogo kuliko wimbi hulitawanya badala ya kulielekeza.

Kwa hivyo, vipande vingi hulazimika kushirikiana. Mwaka 2013, watafiti wa Japani na Ujerumani walionyesha safu ya vipande vyembamba vya metali vinavyosogezwa kwa nguvu za umeme. Baadhi vikishushwa, mawimbi yanayoakisiwa huimarishana upande mmoja na kufutana kwingine. Mpangilio ukijirudia kila milimita mbili, wimbi la milimita moja linaloangukia wima huakisiwa kwa pembe ya digrii 30. Ukijirudia kila milimita nne, pembe hupungua hadi takriban digrii 14.

Metali huakisi karibu mawimbi yote, ilhali vifaa vya kielektroniki hupoteza nishati nyingi katika masafa hayo. Upungufu wa vioo ni kasi: kitu chenye uzito hakiwezi kusogea upesi kama mkondo wa umeme.