Lina eabegi mbili, kwa hiyo ni salama?

Leo nina habari ndefu kidogo, na imeanzia kwenye simu ya mjomba.

Binti yake katimiza miaka 18, kamaliza kidato cha sita, leseni anayo, na mjomba kaamua kumnunulia gari. Sasa kwenye ukoo wetu ukishakuwa mwandishi wa habari basi unahesabika unajua kila kitu, kuanzia bei ya nyanya hadi injini. "Mpwa wangu," akaniambia, "nimeona kagari kadogo ka Kijapani, namba D, dalali ananipa bei nzuri. Tena kana eabegi mbili, kwa hiyo ni salama." Nikamwambia anipe siku mbili. Sikuwa na wasiwasi na kagari kenyewe, ila hilo neno "kwa hiyo" lilinikaa kichwani, maana nilikuwa nimesoma kisa kimoja cha Oklahoma.

Turudi nyuma kwanza. Hadi miaka ya 1960 viwanda vya magari Marekani vilikuwa na jibu moja kwa kila ajali: kosa ni la dereva. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, akatoa kitabu chake cha Unsafe at Any Speed, akaonyesha kwamba magari yenyewe yalikuwa yanaua watu. Sura ya kwanza aliielekeza kwa Chevrolet Corvair ya kampuni ya General Motors. Kampuni ilifanya nini? Ikakodi wapelelezi wamfuatefuate Nader na kuchimba maisha yake! Mambo yakavuja, na Machi 1966 rais wa kampuni hiyo, James Roche, akaomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson akasaini sheria ya usalama wa magari.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanaishia kwenye mikanda. Kwangu mimi kitu kikubwa zaidi kilichotokana na sheria ile ni wajibu wa kiwanda kumwambia mwenye gari: gari lako lina kasoro, lirudishe. Mwaka 1974 ikaongezwa kwamba matengenezo hayo ni bure. Yaani kuanzia hapo usalama wa gari haukuishia siku ya kulinunua. Uliendelea kwa barua, kutoka kiwandani hadi kwa mwenye gari. Shikeni hilo la barua, nitalirudia.

Eabegi nayo ina historia yake. John Hetrick, Mmarekani, alipata hataza ya mfuko wa hewa mwaka 1953, lakini miaka ikapita bila gari la kawaida kuwa nao. Marekani ilikuja kuulazimisha kwa magari yote mapya madogo miaka ya mwisho ya 1990. Hata hapo haikuwa mteremko: mifuko ya mwanzo ilifumuka kwa nguvu mno kiasi cha kuua watoto waliokaa siti ya mbele, katika migongano ambayo bila mfuko wangetoka wazima. Ikabidi nguvu ipunguzwe.

Nyuma ya ule mfuko kuna kopo la chuma lenye kemikali. Gari likigonga, cheche inawasha kemikali, inageuka gesi, mfuko unajaa kabla hujafumba na kufumbua jicho. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoanza mwaka 1933 na kazi ya nguo na kamba, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa makopo hayo duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kutumia amonia naitreti, kemikali ya bei nafuu inayotumika kwenye mbolea na kupasulia miamba migodini. Ndiyo hiyohiyo iliyolipuka bandarini Beirut Agosti 2020. Tatizo lake ni kwamba haipendi unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku, unyevu ukipenya mwaka baada ya mwaka, vidonge vinalainika na kuwa unga. Siku gari likigonga, unga unawaka haraka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye mfuko kumfuata dereva.

Mei 2009, binti wa miaka 18 huko Oklahoma alikuwa na Honda Accord ya mwaka 2001. Akagonga gari jingine kwenye maegesho, mwendo mdogo tu, ajali ambayo hapa kwetu mngeshuka mkabishana nani alipe taa. Eabegi ikafumuka, kipande cha chuma kikamkata shingo. Akafa. Honda ilikuwa tayari imeita magari kama 4,000 kwa kasoro hiyo Novemba 2008, lakini gari lake halikuwamo. Orodha ilipanuliwa baada ya yeye kufa.

Mwaka 2014 huko Florida mwanamke mwingine alikutwa na majeraha ya shingo ambayo polisi mwanzoni walidhani kachomwa kisu. Machi 2016 ikawa zamu ya msichana wa miaka 17, Texas, ndani ya Honda Civic ya mwaka 2002. Safari hii gari lilikuwa limeshaitwa tangu 2011. Honda ikasema ilituma barua, familia ikasema haikupata yoyote. Hapo ndipo mfumo wa mwaka 1966 unapokatika. Barua inamfuata mwenye gari kwa anwani, na gari la mtumba linabadili wenyewe na anwani kila mara. Na kwa kawaida mtumba wa bei nafuu unamwangukia nani? Kijana anayeanza kuendesha.

Januari 2017 Takata ikakubali kukiri kosa la udanganyifu Marekani na kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huo ikafilisika. Marekani peke yake makopo yaliyoitwa yalifika kama milioni 67.

Sasa rudini pwani yetu. Wamarekani walipopanga nani ahudumiwe kwanza walianza na majimbo ya joto na unyevu, kama Florida na Hawaii. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja mngeziweka kundi gani? Na si Honda tu. Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 duniani, yakiwamo Corolla na Vitz za miaka ya 2003 hadi 2007. Nani hajawahi kupanda Vitz ya miaka hiyo hapa mjini? Gari likishapanda meli kutoka Japani, anwani ya mwenye gari imebaki Japani.

Nikampigia mjomba. Nikamweleza pia kwamba taasisi ya bima za magari ya Marekani, IIHS, ilipotoa mwaka 2014 orodha yake ya kwanza ya magari yaliyotumika yanayofaa vijana, viwanja vidogo kabisa iliviacha nje, ikataka gari zito kidogo, lisilo na injini kali, tena lenye mfumo wa kuzuia gari kuserereka. Akanyamaza. "Sasa hilo zito mafuta nani ataweka?" Sikuwa na jibu, maana kweli binti mwenyewe hana kazi.

Tukakubaliana jambo moja. Kabla ya kutoa hela, aombe namba ya chesisi, tuiingize kwenye tovuti ya kiwanda tuone kama gari liliitwa na kama kopo lilibadilishwa. Ni bure na ni dakika chache.

Mjomba kampigia dalali. Dalali kamuuliza, "Chesisi ya nini tena mzee, si utaiona kwenye kadi ukishalipa?" Mpaka naandika hapa, hiyo namba hajaituma.