Klimt na Nakshi za Dhahabu: Namna ya Kumweleza Mtoto
Mtoto aonyeshwapo picha za Gustav Klimt, yafaa kwanza aambiwe kuwa baba wa mchoraji huyo alikuwa mchonga nakshi za dhahabu. Klimt alizaliwa karibu na Vienna mwaka 1862. Mwaka 1903 alizuru Ravenna, akaona kuta za makanisa zilizopambwa kwa vijipande vya kioo na dhahabu. Ndipo ikaja picha yake ya Busu, ya 1907 hadi 1908: vazi la mwanamume lina mistatili, la mwanamke lina miviringo. Dhahabu yake ni ya kweli, iliyofuliwa hata ikawa nyembamba kuliko karatasi. Tukiiita rangi tu, twamficha mtoto jambo lililo kubwa: kwamba nakshi hii ni kazi ya mikono, wala si pambo la juu juu.