Korona kwenye Theluji: Kisa cha Kijiji cha Ischgl na Sheria za Barakoa

Leo tunasafiri mbali kidogo, hadi kwenye milima ya Austria, barani Ulaya. Nataka nikusimulie jinsi korona ilivyoingia katika kijiji kimoja cha watalii mwaka wa 2020, ikatoka hapo kwenda nchi nyingi, na jinsi watu wa huko walivyojifunza ni wapi hasa barakoa inahitajika.

Pengine unajiuliza, mimi na theluji wapi na wapi? Theluji yetu tunaitazama kwa mbali, kileleni mwa Mlima Kenya. Hata hivyo mchezo wa skii Wakenya tunaujua kiasi. Philip Boit alituwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Baadaye Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kulelewa huko huko Austria, akatuwakilisha Korea Kusini mwaka wa 2018. Skii ni vibao viwili virefu na vyembamba ambavyo mtu hujifunga miguuni akateleza juu ya theluji kutoka mlimani hadi bondeni. Kurudi juu hapandi kwa miguu. Hubebwa na viti vinavyoning'inia kwenye waya nene ya chuma, au na vijumba vidogo vyenye vioo na mlango wa kufunga. Vikumbuke vijumba hivyo, tutavirudia.

Ischgl ni kijiji cha watu wapatao 1,600 katika jimbo la Tyrol. Msimu wa theluji ukifika, wageni huwa wengi kuliko wenyeji mara nyingi. Mchana wanateleza. Jioni, kabla hata hawajavua viatu vya skii, wanaingia baa. Muziki uko juu, watu wamebanana bega kwa bega, madirisha yamefungwa kwa sababu nje kuna baridi kali. Ili kusikika mtu hana budi kupaza sauti karibu na sikio la mwenzake. Baa moja iliyojulikana sana iliitwa Kitzloch. Iliripotiwa kwamba wahudumu walipuliza filimbi ili wapate njia katikati ya umati.

Tarehe 29 Februari 2020, wasafiri waliotoka likizo ya skii Austria walirejea kwao Iceland, na haikuchukua muda baadhi yao wakapatikana na virusi vya korona. Wakuu wa afya wa Iceland waliwauliza kila mmoja amekuwa wapi, na jina la Ischgl likazidi kutajwa. Tarehe 5 Machi nchi hiyo ndogo ikaiweka Ischgl katika orodha ya mahali pa hatari kubwa, pamoja na Wuhan ya Uchina. Na Tyrol walisemaje? Walisema haielekei kwamba watu hao waliambukizwa kwao, labda ilikuwa ndani ya ndege.

Mama, hapo ndipo moyo wangu unapouma kila ninapokisoma kisa hiki. Jirani amekupigia hodi, amekwambia nyumba yako inafuka moshi, nawe unamjibu kwamba moshi huo ni wa jikoni kwake.

Tarehe 7 Machi mhudumu mmoja wa baa ya Kitzloch alipimwa, akapatikana na virusi. Siku iliyofuata wakuu wa jimbo wakatangaza kwamba si rahisi wateja wa baa hiyo kuwa wameambukizwa. Tarehe 9 Machi Kitzloch ikafungwa, na tarehe 10 baa nyingine zikaamriwa kufunga. Lakini watu waliendelea kuteleza, na vijumba vya waya viliendelea kupanda vikiwa vimejaa. Pesa za msimu ni nyingi, na kila siku ina thamani yake. Sisemi kwamba kila mmoja alikuwa na nia mbaya, ila siku zile zilipotea na hazikurudi.

Ilipofika Ijumaa tarehe 13 Machi, Chansela Sebastian Kurz alitangaza kwamba bonde lote la Paznaun, pamoja na mji wa St. Anton, litawekwa karantini mara moja. Siku hiyo hiyo hapa Kenya ndipo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Sisi tulikuwa tunaanza kuhesabu, wao walikuwa wanakimbia. Wageni wa Ischgl waliposikia habari walifungasha haraka, wengine wakabanana kwenye mabasi, wakakaa kwenye foleni ndefu za magari saa nyingi. Waliokuwa wazima walikaa na waliokuwa wagonjwa, hakuna aliyejua nani ni nani. Wakafika nyumbani Ujerumani, Norwei, Denmark, Uswidi na Uingereza, wakakumbatia watoto wao.

Waliobaki kijijini walifungiwa hadi karibu mwisho wa Aprili. Ndipo Chuo Kikuu cha Tiba cha Innsbruck kilipokwenda kuwapima damu wanakijiji 1,473, kutafuta alama za kinga zinazoonyesha kwamba mtu amewahi kuambukizwa. Asilimia 42.4 walikuwa nazo. Miongoni mwa watu wazima ilikuwa asilimia 45, na kwa watoto asilimia 27 hivi. Na katika hao waliokuwa na alama hizo, zaidi ya wanane kati ya kumi hawakuwa wamepimwa wala kuambiwa kwamba wana korona. Walipika, walilea, walihudumia wageni, virusi viko ndani yao nao hawana habari.

Kwa hiyo ile desturi yetu ya kungoja mtu akohoe ndipo tujihadhari haikutosha kwa ugonjwa huu. Virusi vya korona hutoka na pumzi ya mtu, zaidi anapoongea kwa nguvu, anapoimba au kucheka. Vitone vikubwa huanguka chini upesi. Vile vidogo sana huelea hewani kama moshi wa sigara, na chumba kikiwa kimefungwa vinajaa humo. Nje mlimani, upepo unavichukua. Kwa hiyo hatari ya Ischgl haikuwa sana kule juu kwenye theluji nyeupe ambako watu walikuwa wakipita kwa kasi. Ilikuwa ndani ya baa, ndani ya basi, ndani ya vile vijumba nilivyokwambia uvikumbuke.

Sheria zilizokuja baadaye zilifuata hewa hiyo. Austria ilianza kudai barakoa katika maduka makubwa mwezi wa Aprili 2020, kwani kabla ya hapo watu wa Ulaya wengi hawakuwa na mazoea nazo. Msimu uliofuata wa theluji nchi hazikukubaliana. Ufaransa ilifunga mitambo ya kupandisha watu milimani. Italia ilitaka kufungua Februari 2021, na waziri wao wa afya akazuia usiku wa kuamkia siku yenyewe, hata wenye hoteli wakalia kwa hasara. Uswisi iliacha milima wazi, ila barakoa ikawa lazima kwenye mitambo na kwenye foleni. Austria ilifungua tarehe 24 Desemba 2020, lakini hoteli zikafungwa kwa watalii na mikahawa ikabaki imefungwa. Ischgl yenyewe haikufungua msimu ule wote.

Sheria ya Austria ilikuwa na akili yake. Ukiwa kwenye foleni au ndani ya kijumba, uvae barakoa aina ya FFP2, ile inayobana vizuri usoni na kuzuia angalau asilimia 94 ya chembechembe ndogo. Kijumba kisijae, kibebe nusu tu ya abiria wake. (Hapo utakumbuka matatu zetu za viti 14 zilipoamriwa kubeba watu 8. Fikira ni ile ile.) Ukishaanza kuteleza, uko peke yako na upepo, barakoa haikudaiwa. Watu wengi walilalamika: mbona hapa nivae na pale nivue? Lakini mwenye kuelewa habari ya hewa haoni kigeugeu.

Watoto je? Austria iliwaondolea sharti hilo walio chini ya miaka 6, na kuanzia miaka 6 hadi 14 waliruhusiwa barakoa ya kawaida badala ya FFP2. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nao walikuwa wameshatoa mwongozo Agosti 2020: mtoto wa miaka 5 kurudi chini asilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 itegemee hatari ya mahali alipo na kama kuna mtu mzima wa kumsimamia, na wa miaka 12 kwenda juu afuate utaratibu wa watu wazima. Mtoto mdogo hajui kuivaa wala kuivua mwenyewe, na huenda akatatizika kupumua. Jambo jingine ni unyevu. Barakoa ikilowa, kwa pumzi au kwa theluji, haichuji vizuri na huwa ngumu kupumulia, hivyo mzazi alihitaji kubeba nyingine kavu mfukoni.

Je, barakoa za kwenye mitambo zilimaliza kazi? La. Januari 2021, huko huko Tyrol, katika kijiji cha Jochberg, korona ilizuka miongoni mwa watu waliokuwa kwenye mafunzo ya ualimu wa skii, wengi wao Waingereza, na ikashukiwa kuwa ni ile aina mpya iliyotokea Uingereza. Watu wanaosoma na kuishi pamoja kwa siku kadhaa hawakingwi na barakoa waliyovaa asubuhi kwenye foleni. Mlezi yeyote anajua jinsi homa ya mtoto mmoja inavyozunguka chumba kizima.

Na wale waliochelewa kuchukua hatua? Tume huru chini ya Ronald Rohrer, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Mahakama ya Juu ya Austria, ilitoa ripoti Oktoba 2020. Ilisema wakuu walikosea kuipima hali, kwamba shughuli za skii zingepaswa kusimamishwa tangu tarehe 9 Machi, na kwamba tangazo la ghafla la karantini lilizua hofu. Zaidi ya watu 6,000 kutoka nchi 45 walijiandikisha kwa chama cha kutetea wateja wakisema waliambukizwa au walidhurika katika safari hizo. Wengine walikuwa wajane. Novemba 2021 waendesha mashtaka wa Innsbruck walifunga faili, wakisema hawakupata ushahidi wa kumshtaki mtu.

Mwezi uliofuata, Desemba 2021, Ischgl ikafungua milima yake tena. Aliyetaka kupanda alionyesha cheti cha chanjo au cha kupona korona, akavaa barakoa yake ya FFP2, akaingia kijumbani. Baa za jioni zilikuwa bado zimefungwa.

Muda wetu umekwisha, mama. Wasalimie wa nyumbani, na kwaheri kwa sasa.