Gari Lisilo na Dereva

Wazee wa Ukambani husimulia habari za Syokimau, mwanamke mtabiri, aliyeona kabla ya wakati wake nyoka mrefu akitambaa kutoka maji ya upande mmoja hata maji ya upande wa pili. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwa la Viktoria mwaka 1901, watu walisema, "Nyoka ndiye huyu." Stesheni iliyofunguliwa karibu na Nairobi mwaka 2012 ina jina la mwanamke huyo mpaka leo.

Lakini nyoka huyo alikuwa na mtu kichwani. Tangu siku za makaa na kuni mpaka treni ya reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na ambayo sisi wa Kalamba huifuata Emali, dereva amekaa mbele, mkono kwenye mitambo na macho njiani. Nataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kumwondoa mahali pale, na kama walifanya vema.

Msomaji atauliza: gari liendeje bila mtu? Basi na afikiri kwanza kazi ya dereva wa gari la moshi ni nini. Hashiki usukani, maana reli yenyewe ndiyo usukani. Kazi yake ni kuondoka, kwenda kwa mwendo upasao, na kusimama. Na iliyo kubwa kuliko zote ni kujua kama njia iliyo mbele ni tupu. Kujua huku ndiko reli ilikofundishwa kwanza. Mwaka 1872 Mmarekani aitwaye William Robinson alitengeneza njia ya kupitisha umeme hafifu ndani ya reli zenyewe. Gari likiingia katika kipande hicho cha njia, magurudumu yake ya chuma huunganisha reli mbili, umeme hukatizwa safari yake, na ishara hugeuka kuwa ya hatari. Uzuri wa jambo hili ni kwamba hata reli ikivunjika au betri ikifa, ishara huonyesha hatari vilevile. Chombo kikiharibika, huharibika kwa upande wa salama. Mwanafunzi na ashike neno hili, kwa kuwa yote yafuatayo yamejengwa juu yake.

Abiria wa kwanza wa magari yasiyo na dereva hawakuwa watu, bali barua. Mwaka 1927 Posta ya Uingereza ilifungua reli ndogo chini ya ardhi ya London, kama kilomita kumi, na magari yake yalikwenda na kusimama kwa kupewa umeme na kunyimwa. Yalifanya kazi hiyo mpaka mwaka 2003. Barua haiogopi giza, wala haina chama cha wafanyakazi.

Watu wanacho. Mwaka 1962 mjini New York lilianza kwenda gari lililojiendesha katika njia fupi ya mtaa wa 42. Chama cha wafanyakazi wa reli kilipinga sana, na kwa hiyo dereva aliwekwa ndani, akisafiri bila kuendesha. Mwaka 1964 moto uliliunguza gari hilo na jaribio likakoma. Wako wanaocheka habari ya dereva yule aliyelipwa kwa kuketi. Mimi sicheki. Mtu aliyetumia miaka mingi kujifunza ufundi, kisha akaambiwa kwamba waya unatosha, ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini.

London ilishika njia ya katikati. Reli yake ya Victoria, iliyofunguliwa mwaka 1968, ilipeleka mipigo ya umeme ndani ya reli. Mipigo 420 kwa dakika maana yake, nenda; mipigo 180 maana yake, punguza mwendo. Na ikiwa hakuna mpigo hata mmoja? Gari lilifunga breki mara moja. Kimya hakikuhesabiwa kuwa ruhusa. Mtu alikuwamo bado, lakini kazi yake ilikuwa kufunga milango na kubonyeza vitufe viwili ili gari liondoke.

Tarehe 28 Februari 1975, katika njia nyingine ya mji uleule, ambayo iliendeshwa kwa mkono, treni iliingia stesheni ya mwisho ya Moorgate bila kupunguza mwendo, ikajipiga ukutani. Watu 43 walikufa, pamoja na dereva. Breki zilikuwa nzima. Palikuwa na mpini ambao dereva akiuachia treni husimama, lakini hakuuachia. Kwa nini, haikujulikana kamwe. Baadaye stesheni za namna ile ziliwekewa mitambo ya kusimamisha treni yenyewe, dereva atake asitake.

Katika mji wa Lille, Ufaransa, profesa Robert Gabillard alikuwa akiwaza jambo hilihili kwa upande wa fedha. Kama kila gari lahitaji dereva, mji utapendelea magari makubwa machache, na abiria watangoja. Dereva akiondoka, magari yaweza kuwa madogo na mengi, yakifuatana kwa dakika moja hivi. Magari ya Lille, yaliyoanza mwaka 1983, ni membamba, upana wake mita mbili na kidogo tu. Na kwa sababu hapana mtu wa kuona aliyeanguka njiani, ukingo wa stesheni ulizibwa kwa milango ya kioo, ifunguliwayo gari likishasimama.

Nisiufiche upande wa pili. Mwaka 1993 mjini Osaka, Japani, gari lisilo na dereva lilikataa kusimama mwisho wa njia, na watu zaidi ya 200 waliumia. Mtambo hausinzii, lakini pia haushtuki.

Tarehe 9 Septemba 2009 Dubai ilifungua reli yake, kwa magari ya Kijapani yasiyo na dereva hata mmoja. Njia ya pili ilifuata mwaka 2011, na zote mbili pamoja zikakaribia kilomita 75. Ndiyo reli ambayo watu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokwenda huko kutafuta kazi huipanda asubuhi na jioni. Hakuna dereva aliyefukuzwa Dubai, maana mji haukuwa na reli ya namna hiyo hapo kwanza. Walioajiriwa ni watazamaji wa mitambo katika chumba cha usimamizi, mafundi, na walinzi wa stesheni. Na mahali pale mbele, penye kioo kikubwa, ambapo dereva wetu wa Emali hukaa akiitazama reli, huketi abiria waliolipa nauli ya juu zaidi.