Sufuria ya Mama na Bodi ya Shaba

Msomaji, chukua redio mbovu, fungua skrubu za nyuma, uitazame ile bodi yenye vijia vya shaba. Wengi tunadhani kitu kile lazima kitoke kiwandani, tena Japani. Wapi! Kilianzia chumbani.

Mwaka 1936 mhandisi kijana, Paul Eisler, Myahudi wa Vienna, alihamia Uingereza. Kazi hana, karakana hana. Katika chumba cha kupanga pale Hampstead, London, akaunda redio isiyo na msitu wa nyaya: alibandika shaba juu ya ubao, akafunika vijia alivyovitaka, nyingine yote ikaliwa na dawa. Ujuzi aliuazima kwa wapiga chapa. Wachongaji wetu wa mpingo wangemwelewa upesi, maana kazi ni kuondoa kisichotakiwa. Kampuni aliyoipelekea ikamkatalia, eti wasichana wa kuunga nyaya kwa mkono ni rahisi zaidi. Hataza aliiomba 1943, na vita ndivyo vilivyoifanya bodi ithaminiwe, ndani ya fyuzi za makombora ya kutungulia ndege.

Huku Newala redio zilikuja zimekwisha fungwa. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, mwenye redio hakukosa wageni jioni. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, vipuri navyo vikaadimika. Fundi akajifunza kuponya bodi iliyopasuka kwa kulehemu kipande cha waya juu ya kijia. Kutoka kuponya hadi kutengeneza ni hatua moja tu, ila inadai vyombo.

Vyombo vyetu mimi na mjomba ni hivi. Mchoro tunautoa fotokopi, tunaulaza juu ya shaba, tunaukandamiza kwa pasi ya mkaa hadi wino ushike. Palipokatika tunaziba kwa rangi ya kucha. Keekee ni mota ya kaseti iliyofungwa sindano ya cherehani. Dawa ni kloridi ya chuma, unga wa njano tuliouagiza Dar. Mara ya kwanza niliikoroga kwenye sufuria ya aluminiamu. Lo! Ilitoa povu, ikachemka bila moto, sufuria ikatoboka. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sakiti yako itapika ugali?" Tangu siku hiyo ni beseni la plastiki, na mkono wa kulitikisa ndio mashine.

Kigumu kuliko vyote ni maji. Vitabu vinasema suuza bodi chini ya bomba. Bomba lipi? Juu ya uwanda huu mchanga hunywa mvua yote, na mradi wa maji wa tangu miaka ya 1950 haujatuondolea foleni ya ndoo. Sisi tunasuuza kwa vikombe viwili. Nayo maji yale yana shaba, hayamwagwi ovyo. Tunayatia kwenye dumu, mbali na kisima cha mvua. Dumu limefika nusu. Mjomba ameliandika SUMU kwa rangi nyekundu, na bado tunabishana lipelekwe wapi.