Kutafuta Kijivu Kisichoegemea: Printa za Wino na Picha za Nyeusi na Nyeupe, 1991–2006

Makala hii inafuatilia historia ya tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: jinsi ya kupata kijivu kisichoegemea rangi yoyote katika picha ya nyeusi na nyeupe iliyochapishwa kwa printa ya wino. Wahifadhi wa nyaraka wanahusika nalo kuliko wengi wao wanavyodhani. Nakala ya maonyesho iliyotolewa kwenye hasi ya zamani hutazamwa na wageni kama ushahidi. Ikiwa ya kijani karibu na dirisha na ya waridi chini ya balbu, ushahidi huo umeongezewa neno ambalo mpigapicha hakulisema.

Katika chumba cha giza, kijivu hakikupatikana kwa kuchanganya rangi. Chembe za fedha ndani ya gelatini ndizo zilizozuia mwanga, na wingi wake ndio uliotofautisha kivuli na mwangaza. Mchapaji aliweza kuisogeza picha kuelekea hudhurungi au samawati kwa kuchagua karatasi na dawa, au kwa kuiogesha katika seleniamu. Lakini hakuwa na sababu ya kuhofia kwamba ingebadilika rangi kila taa ilipobadilishwa. Printa ya wino ilianzia mahali tofauti kabisa. Iliundwa kwa ajili ya rangi, na kijivu kwayo kilikuwa zao la mizani kati ya siani, majenta na manjano. Jicho la binadamu ni kali mno katika kutambua mizani hiyo inapoyumba. Mwegemeo ambao haungetambulika katika picha ya shamba la kahawa hujitokeza waziwazi katika uso wa mtu uliochapwa kwa kijivu.

Mwaka 1991, mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California. Nash alikuwa pia mpigapicha, na picha zake za nyeusi na nyeupe zilikuwa miongoni mwa kazi alizotaka kuzichapa kwa ukubwa. Mashine yao, Iris 3047, ilikuwa imekusudiwa kutoa sampuli za rangi kabla ya kazi kupelekwa kwenye mitambo ya uchapaji. Si wachapaji wa sanaa waliolengwa. Ilitumia wino wa rangi nne zilizoyeyushwa, ambao ulikuwa mzuri kwa macho lakini haukuvumilia mwanga kwa muda mrefu. Kwa picha za nyeusi na nyeupe, udhaifu huo ulikuwa na madhara ya pekee: rangi hazififii kwa kasi moja, na iliyotangulia kufifia huziachia nyingine uwanja.

Watengenezaji walijibu kwa kutumia pigmenti, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka, ambazo hudumu zaidi. Hapo ndipo tatizo jingine lilipojitokeza. Epson Stylus Photo 2000P, iliyoingia sokoni mwaka 2000, ilisifiwa kwa uimara wa wino wake, lakini kijivu kilichopendeza chini ya balbu ya kawaida kiligeuka kijani katika mwanga wa mchana. Wataalamu huliita jambo hilo metamerizimu, ingawa kwa ukali wa istilahi neno hilo linahusu vitu viwili vinavyofanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Chanzo chake ni kwamba kijivu cha mchanganyiko hakirudishi mawimbi yote ya mwanga kwa usawa. Kina vilele na mabonde, na kila taa huyaangukia kwa namna yake. Hakuna marekebisho ya faili yanayoweza kuliponya hilo, kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya wino.

Tiba ya kweli ilitoka kwa wachapaji kabla ya viwanda vikubwa. Jon Cone, huko Vermont, aliondoa wino wa rangi katika printa za kawaida na kuweka wino mweusi wa viwango kadhaa vya ukolezi, mfumo alioutambulisha kwa jina la Piezography. Roy Harrington naye alitoa QuadTone RIP, programu ya bei nafuu iliyomwezesha mtumiaji kuamua kila wino uingie wapi katika ngazi ya kijivu. Mantiki ilikuwa rahisi: kijivu kikitokana na wino mweusi uliopunguzwa makali, hakuna mizani ya rangi ya kuyumba. Viwanda vilifuata. Stylus Photo 2200 ya mwaka 2002 iliongeza wino mmoja wa kijivu. R2400 ya mwaka 2005 ilikuwa na viwango vitatu vya weusi na mpangilio maalumu wa kuchapa nyeusi na nyeupe. Mwaka uliofuata, HP ilitoa Designjet Z3100 yenye spektrofotomita ndani yake.

Hata hivyo, weusi wenyewe una rangi. Kaboni, pigmenti imara kuliko nyingi, huelekea hudhurungi inapochapwa kwa wepesi. Ili ionekane kijivu halisi, huongezewa pigmenti kidogo ya samawati au mchanganyiko wa siani na majenta, na nyongeza hiyo ndiyo hufifia kwanza. Mwenye kutaka kijivu kamili leo hulipia kwa uimara wa kesho. Karatasi nayo ina sauti yake: viangazi vya kemikali huifanya ionekane nyeupe yenye usamawati, kisha huchoka, na karatasi hurejea kwenye unjano.

Katika kanda yetu, hoja hii ina upande mwingine. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zipatazo 7,600 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Picha za albumini za karne ya 19 hazikuwa za kijivu. Zilikuwa za hudhurungi au zambarau. Kuzichapa upya kwa kijivu kisafi ni kosa la kihistoria sawa na kuziacha zigeuke kijani. Kwa hiyo, taasisi inayonunua printa ya maonyesho haina budi kuuliza zaidi ya bei na upana wa karatasi. Rekodi ya kila nakala itaje wino, karatasi, mpangilio uliotumika na aina ya taa iliyokusudiwa. Ngazi ndogo ya kijivu ichapwe pembeni mwa karatasi hiyohiyo, ikatwe na kuhifadhiwa gizani baada ya kupimwa, ili mhifadhi wa mwaka 2050 aweze kupima ni kwa kiasi gani nakala iliyoning'inizwa ukutani imehama.