Kuandika Namba Bila Kuipoteza: Historia ya Namba za Nukta Elea za Mfumo wa Kumi na Sita katika Lugha za Programu, 1964–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mwandiko mmoja mdogo katika lugha za programu: namba yenye nukta inayoandikwa kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita. Makala yanaonesha kwamba mwandiko huu haukuzaliwa kwa ajili ya mapambo ya kitaalamu, bali kwa sababu mfumo wa kumi unaotumiwa na binadamu na mfumo wa mbili unaotumiwa na kompyuta haviafikiani katika sehemu. Inajadiliwa pia jinsi lugha zisizo na mwandiko huo zilivyoupata kupitia makro za kompaila. Hoja kuu ni kwamba mahali ambapo namba inatafsiriwa ni mahali pa uwajibikaji, na watunga sera hawana budi kupajua.

1. Utangulizi

Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua watu 28. Mtambo wa kujihami wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo haukulizuia. Ripoti iliyotolewa mwaka 1992 na ofisi ya ukaguzi wa hesabu za Serikali ya Marekani ilieleza chanzo. Saa ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi, na moja ya kumi hiyo ilihifadhiwa katika nafasi ya biti 24. Kwa kuwa sehemu hiyo haina mwisho katika mfumo wa mbili, ilikatwa. Kosa lilikuwa takribani 0.000000095 tu. Hata hivyo, mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa likafikia kiasi cha theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora liendalo zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya nusu kilometa. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran siku iliyofuata.

Ni kweli kwamba mtambo ule haukutumia nukta elea, na si dai la makala haya kwamba mwandiko bora ungeokoa maisha yale. Dai ni jembamba zaidi: aliyeandika 0.1 aliona namba kamili, ilhali mashine ilipokea namba nyingine. Tofauti kati ya hizo mbili haikuonekana popote kwenye maandishi. Historia inayofuata ni ya juhudi za kuifanya ionekane.

2. Mbili na kumi

Msomaji anafahamu kwamba theluthi haiandikiki kikamilifu kwa desimali, 0.333 huendelea bila kikomo. Moja ya kumi huwa na tabia hiyohiyo katika mfumo wa mbili. Mfumo wa mbili huhifadhi kikamilifu nusu, robo, thumuni, na sehemu zote zinazopatikana kwa kugawa nusu kwa nusu. Mantiki hii si ngeni katika mazingira yetu. Mfanyabiashara wa pwani aliyepima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi alifuata mfumo wa maradufu: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Angeulizwa apime sehemu ya kumi ya pishi kwa vyombo hivyo, angelazimika kukadiria. Kompyuta hukadiria vivyo hivyo, ila haisemi.

Katika nukta elea ya biti 64, iliyosanifishwa na kiwango cha IEEE 754 mwaka 1985 kwa mchango mkubwa wa William Kahan, namba huwa na biti 53 za thamani pamoja na kipeo cha mbili. Anayeandika 0.1 hupata namba iliyo jirani, ambayo ni kubwa kidogo kuliko moja ya kumi. Ikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, namba hiyo ni 0x1.999999999999ap-4. Kila tarakimu hapa inawakilisha biti nne barabara, na p-4 ina maana ya kuzidisha kwa mbili iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi nne. Mfululizo wa 9 unaonesha kwamba sehemu ilikuwa ikiendelea bila mwisho; a ya mwisho inaonesha mahali ilipokatwa na kukadiriwa kwenda juu. Kile kilichofichwa na 0.1 kimeandikwa wazi.

3. Herufi zinapokuwa tarakimu

Mfumo wa kumi na sita unahitaji tarakimu sita zaidi ya zile tulizozoea, na hapakuwa na mwafaka wa mapema kuhusu zitakavyoandikwa. Kompyuta ya ILLIAC ya Chuo Kikuu cha Illinois ilitumia K, S, N, J, F na L. Bendix G-15 ya miaka ya 1950 ilitumia u hadi z. Herufi A hadi F zilienea baada ya IBM kutangaza familia ya System/360 mwaka 1964. Kwa hiyo kile ambacho leo kinaonekana kuwa kanuni ya hisabati ni matokeo ya nguvu ya soko.

System/360 ilikwenda mbali zaidi: hesabu zake za nukta elea zenyewe zilifanywa kwa msingi wa 16. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Kwa kuwa tarakimu ya kwanza ya kumi na sita inaweza kuanza na hadi biti tatu za sifuri, usahihi ulipanda na kushuka kulingana na namba. Inafaa kutenganisha mambo haya mawili: kuhesabu kwa msingi wa 16, na kuandika kwa msingi wa 16 namba iliyohesabiwa kwa msingi wa 2. La kwanza lilipoteza usahihi. La pili, ambalo ndilo mada yetu, huulinda.

4. Kutoka Ada hadi C

Lugha ya Ada, iliyobuniwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na timu iliyoongozwa na Jean Ichbiah, iliruhusu mwandiko huu tangu kiwango chake cha mwaka 1983. Mwanaprogramu angeweza kuandika 16#F.FF#E+2, yaani 4095. Alama ya # ilifunga tarakimu kabla ya kipeo, hivyo E ya kipeo haikuweza kuchanganywa na E iliyo tarakimu.

Lugha ya C haikuwa na uzio huo. Katika C, e ndiyo iliyotangaza kipeo cha kumi. Lakini katika mfumo wa kumi na sita e ni kumi na nne. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilitatua mgongano kwa kuchagua herufi p, na kikabadili pia maana: kipeo kinachofuata p ni cha mbili, na chenyewe huandikwa kwa desimali. Hivyo 0x1.8p1 ni moja na nusu mara mbili, yaani tatu. Msomaji anakutana na misingi mitatu katika neno moja: tarakimu za kumi na sita, kipeo cha mbili, na kipeo hicho kikiandikwa kwa kumi. Mwandiko si mzuri machoni, lakini hauna utata.

Java iliufuata mwaka 2004, Python ikaongeza njia za kubadili namba kwenda na kutoka kwenye mwandiko huo mwaka 2008, na mwaka huohuo marekebisho ya IEEE 754 yakauingiza katika kiwango cha kimataifa. C++, iliyo jamaa wa karibu wa C, iliungoja hadi mwaka 2017. Go iliupokea mwaka 2019.

5. Gharama ya kusoma desimali

Huenda mtu akauliza: kwa nini kompaila isisome desimali kwa usahihi na mjadala uishe? Inawezekana, lakini si rahisi. Mwaka 1990 William Clinger alionesha kwamba kusoma desimali kwa usahihi kamili hakuwezekani kwa hesabu za upana usiobadilika. Baadhi ya namba hudai hesabu za tarakimu nyingi zaidi. Katika mkutano huohuo Guy Steele na Jon White walishughulikia upande wa pili, yaani kuchapisha namba kwa usahihi. Kiwango cha mwaka 1985 kilikuwa kimekubali makosa madogo katika baadhi ya ubadilishaji. Kile cha 2008 kilidai usahihi.

Ugumu huo ulijitokeza hadharani mwanzoni mwa mwaka 2011. Ilibainika kwamba 2.2250738585072011e-308 iliifanya PHP, katika baadhi ya mashine, izunguke bila kukoma. Wiki chache baadaye jirani yake, 2.2250738585072012e-308, iliifanyia Java jambo hilohilo, pamoja na kompaila yake. Mtu yeyote aliyeweza kutuma namba hiyo kwa seva aliweza kuisimamisha. Katika mwandiko wa kumi na sita, namba hiyo ya pili ni 0x1p-1022: herufi tisa, zisizohitaji makadirio wala mzunguko wowote.

6. Makro kama daraja

Lugha ya Rust inatoa mfano wa kufundisha, kwa kuwa haikuwa na mwandiko huu katika sarufi yake. Sababu mojawapo ni nukta yenyewe. Katika Rust, nukta inayofuata namba kamili inaweza kuanzisha wito wa mbinu, katika 0x1.f, herufi f yaweza kuwa tarakimu au mwanzo wa jina. Kabla ya toleo la 1.0 la mwaka 2015, hazina ya Rust ilikuwa na nyongeza ya kompaila iliyoitwa hexfloat. Mwanaprogramu aliandika namba ndani ya alama za mtajo, kwa mfano hexfloat!("0x1.8p1"), na makro ikakagua umbo lake wakati wa kukusanya programu: je, inaanza na 0x? Kuna tarakimu kabla au baada ya nukta? Kuna kipeo? Ikiridhika, iliirudishia kompaila namba. Isiporidhika, ilitoa kosa kabla programu haijawahi kuendeshwa.

Njia hiyo ilikuwa na udhaifu wa kitaasisi. Nyongeza za aina hiyo zilitegemea viungo vya ndani vya kompaila ambavyo havikuahidiwa kudumu, kwa hiyo hexfloat iliondolewa katika hazina kuu. Kazi yake ilichukuliwa na maktaba za nje kama hexf, ambayo huikataa namba isiyoingia kikamilifu katika biti zilizopo badala ya kuikadiria kimyakimya. Ruhusa thabiti ya kutumia makro za namna hii mahali popote pa usemi ilipatikana Julai 2020, katika toleo la 1.45.

Historia hii fupi inabeba swali la kisera. Kipengele kilichomo katika kiwango kina mlinzi. Kilichomo katika nyongeza hudumu kadiri mtunzaji wake anavyodumu. Lakini nyongeza nayo ina fadhila yake: iliwezesha hitaji la wachache kutimizwa bila kuilazimisha lugha nzima ibebe sarufi yenye utata.

7. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, taasisi zinazobadilishana takwimu za kisayansi, ziwe za hali ya hewa au za upimaji wa ardhi, zihifadhi namba kwa mwandiko usiopoteza biti pale matokeo yanapotakiwa kurudiwa kikamilifu, huku desimali ikibaki kwa ajili ya macho ya msomaji. Pili, mwandiko huu usichukuliwe kuwa tiba ya kila kitu: fedha huhesabiwa kwa kumi, na kiwango cha 2008 kiliweka miundo ya desimali kwa mahitaji ya aina hiyo. Tatu, mikataba ya ununuzi wa programu iulize si tu kama matokeo ni sahihi, bali ni wapi namba inatafsiriwa na nani anawajibika kwa tafsiri hiyo.

Kwa wanaistilahi wa Kiswahili kuna kazi pia. Tunalo neno tarakimu, tunalo kokotoa, tunayo nusu, robo na thumuni. Tunachohitaji ni namna moja iliyokubalika ya kuzitaja a hadi f zinapokuwa namba na si herufi. Ulimwengu wa kompyuta ulikaa miaka mingi bila mwafaka huo, hadi kampuni moja ilipouamua kwa niaba ya wote.